Mgonjwa asifanywe mgeni nyumbani kwake

Najua wengi mlitegemea niendelee na viwavijeshi. Hiyo tutaimalizia wiki ijayo. Leo naomba tuzungumze jambo ninalokutana nalo ninapopita kaya kwa kaya, na kwangu ni la kilimo sawasawa na lilivyo la afya. Mtu wa nyumbani anaugua ugonjwa wa neva, miguu inakuwa mizito, na familia kwa huruma inamvua kazi zote.

Msimamo wangu nausema mapema: huko ni kumuumiza mara ya pili. Ibadilishwe kazi, yeye abaki nayo.

Ugonjwa wenyewe ninaouzungumzia unaitwa maltipo sklerosisi, madaktari wanafupisha MS. Maana ya jina ni makovu mengi. Neva ni kama waya wa umeme, ndani kuna uzi unaopitisha taarifa na nje kuna ganda. Kwa mwenye MS, kinga ya mwili ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu inageuka na kulishambulia ganda hilo, kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Palipochubuka, taarifa inachelewa au haifiki. Ndipo mtu anaona ukungu jicho moja, mkono unakufa ganzi, anayumba kama aliyelewa, anabanwa na haja ndogo ghafla, na anachoka uchovu ambao hata kulala usiku kucha hakuumalizi. Kwa wengi huja kwa vipindi: unapiga siku au wiki kadhaa, unatulia, kisha unarudi. Hauambukizi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja.

Kwa makadirio ya mwaka 2020, watu wapatao milioni 2.8 duniani wanaishi nao. Huku karibu na Ikweta ni wachache kuliko Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kwa hiyo majirani hawaujui, na tusichokijua tunakitafutia mchawi. Kuuthibitisha kunahitaji daktari wa neva na kipimo cha MRI. Safari ya mtu wa Kabwe huanzia zahanati, inapanda Namanyere na Sumbawanga, na mara nyingi haiishii hapo, inakwenda hospitali ya kanda Mbeya au Muhimbili. Kuupona kabisa bado, ila zipo dawa za kupunguza mashambulizi, na Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za MS kwa mara ya kwanza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Habari ya dawa namwachia daktari.

Ninachotaka mkiangalie ni huu umri. MS huanza mara nyingi kati ya miaka 20 na 40, na wanawake wanaoupata ni angalau mara mbili ya wanaume. Huyo ni nani katika kaya zetu? Ni yule mama anayejua maharage ya mbegu yako kwenye debe lipi, kuku yupi analalia, nani anadaiwa dagaa. Mikono yake ikiondolewa kwenye kazi, kaya inapoteza kichwa pamoja na mikono.

Dada mmoja wa kata za huku ziwani (jina na kijiji naviacha) aliniambia hivi nilipokwenda kwao kwa habari ya kuku: "Bwana shamba, mimi humu ndani sasa ni mgeni. Napikiwa, nafuliwa, hata chumvi siulizwi." Mama mkwe wake alikuwa pembeni, akajibu bila ubaya wowote: "Tunampenda, ndiyo maana tumempumzisha." Nilimwamini mama yule. Wakwe wa kumtunza mkwe wao namna hiyo si wengi, wapo wanaomrudisha kwao na godoro lake. Lakini tazama matokeo: dada wa watu amekaa kwenye mkeka tangu asubuhi mpaka jioni, miguu inazidi kukakamaa, na anaogopa kuomba hata maji kwa kuwa anajiona mzigo.

Zamani hata madaktari walikuwa wanawaambia wagonjwa wa MS wapumzike, wasijichoshe. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 54 waliogawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya baiskeli ya kusimama, ya mikono na miguu, dakika 40 mara tatu kwa wiki, kwa wiki 15. Waliofanya walipata nguvu zaidi na maisha yao yakawa na nafuu, na ugonjwa haukuchochewa. Tangu hapo ushauri umegeuka: mwili ufanyishwe kazi, kwa kiasi. Sisi hatuna baiskeli za kusimama, ila tuna pampu ya kumwagilia ya miguu, tuna mahindi ya kupukuchua, tuna kinu.

Sisi watu wa kilimo tuna ugonjwa mwingine wa neva tunaoujua kwa jina, nao ni konzo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ulizuka Tarime mkoani Mara, watu walipokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri. Jina limetoka kwa Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Sababu yake ni tofauti kabisa na ya MS: konzo hupiga kwa ghafla, kwa kawaida hauzidi baadaye, lakini ulemavu unabaki maisha yote, na wengi wanaoupata ni watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Madaktari huupima kwa kutembea: anayetembea bila fimbo, anayetumia fimbo moja au mbili, na asiyeweza kutembea bila kushikwa. Kipimo hicho ni kizuri kwa hospitali. Kwa nyumbani, uwe konzo, MS au kiharusi, mimi naongeza swali moja tu: leo amefanya nini, na amelipanga nani, yeye au nyie? (Na ndugu zangu mnaokula ugali wa muhogo, muhogo mchungu ulowekwe siku tatu kamili kisha uanikwe ukauke. Njaa isiwafupishie siku.)

Sasa tuje kwenye vitendo. Jambo la kwanza ni joto, na hapa Kabwe ni jambo kubwa. Waya uliochubuka hupitisha taarifa vibaya zaidi mwili ukipata moto. Daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliandika hilo mwaka 1890, alipoona wagonjwa wake wanafifia macho baada ya kujishughulisha. Sumbawanga mjini iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mtu anatembea na sweta. Ziwa letu liko kama mita 770. Mgonjwa yuleyule anaweza kuwa na siku nzuri juu kule Ufipa na kushindwa kunyanyuka hapa mwambao mwezi wa kumi. Familia ikiona hivyo inasema anajifanya, juzi alikuwa mzima. Hajifanyi. Kazi yake ipangwe saa 12 alfajiri mpaka saa 3 asubuhi, na tena jua likishakuwa dogo. Katikati akae kivulini, kanga au kitambaa kilicholowa maji kiwe shingoni. Udhaifu ulioletwa na joto hupungua mwili ukipoa. Dalili mpya ikikaa zaidi ya siku nzima, mpelekeni kituo cha afya. Na homa ya malaria kwa mtu huyu haisubiri, maana homa nayo ni joto, inaamsha dalili zote kwa pamoja. Chandarua chake kiwe kizima.

La pili ni kuinama. Kilimo chetu karibu chote ni cha kuinama, kuanzia matuta ya intumba kule juu hadi kuanika dagaa mchangani hapa chini. Mwenye MS akiinama na kunyanyuka mara kumi ameshamaliza nguvu za siku. Kwa hiyo ardhi ipandishwe imfuate. Gunia la kilo 100 jaza udongo na samadi, katikati weka mhimili wa kokoto ili maji yashuke mpaka chini, toboa ubavuni, panda mchicha, chainizi au sukuma wiki. Magunia manne mbele ya mlango, kiti chenye egemeo katikati yake, na mboga ya kaya iko mikononi mwake. Atamwagilia kwa kopo, atachuma amekaa, na atakayetaka mboga atamwomba yeye.

Dagaa vilevile. Tumeimba miaka mingi kwamba wa kichanja hawana mchanga na wanauzika kwa bei nzuri zaidi ya wa chini. Kichanja cha usawa wa kiuno kinamwezesha hata anayetumia fimbo kuwageuza na kuwachambua, na kikishuka kidogo anafanya ameketi. Jiko pia lipande. Mafiga matatu yanampiga moto usoni na kumkunja mgongo. Jiko banifu la udongo juu ya jukwaa, karibu na dirisha, linapunguza yote mawili. Ila kama mikono imekufa ganzi, sufuria na kisu wape wengine, maana ataungua bila kujua.

Kazi ambayo naipigia debe kuliko zote ni mbegu. Kuchambua maharage ya mbegu ni kazi ya kukaa, ya macho na ya akili, na kaya nyingi zinaifanya ovyo siku ya kupanda. Mpeni yeye. Atoe yenye madoa, yaliyosinyaa, yaliyotobolewa na wadudu. Kisha ahesabu punje 100, azifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku kama saba ahesabu zilizoota. Zikifika 80 mbegu inafaa, zikiwa 50 ametuokoa na msimu wa aibu. Jicho likiwa na ukungu, mtoto wa shule ahesabu naye asimamie.

Kuku wa kienyeji wanamfaa pia. Chanjo ya kideri ya I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Watoto wakamate kuku jioni bandani, yeye adondoshe kama mkono wake uko imara, au ashike daftari la tarehe. Daftari hilo hilo liingie gharama za shamba, waliokopa, na namba ya mkulima ya mbolea ya ruzuku, ambayo kila msimu watu wananipigia simu wameipoteza.

Kuna wanaonijibu kwamba nikimwacha afanye kazi ataanguka. Ataweza kuanguka kweli, na akikaa mkekani mwaka mzima miguu itakuwa dhaifu zaidi na kuanguka kutakuwa rahisi zaidi. Kinachozuia ni kamba imara iliyofungwa kutoka mlangoni mpaka chooni, mti wa kushika ndani ya choo, na sakafu isiyomwagwa maji hovyo. Kelele yangu kubwa nawapigia wale wa upande wa pili, wanaoona leo amechambua debe moja na kesho wanataka mawili. Uchovu wa MS hauonekani kwa macho. Akisema basi, ni basi, bila kuulizwa maswali. Nikimwona mume anamwita mkewe mvivu mbele ya watoto kwa uchovu huu, siwezi kukaa kimya kwa sababu eti mimi ni wa mahindi tu.

Naomba pia wenzangu maafisa ugani tupange shamba darasa mapema asubuhi, penye mti wa kivuli na benchi, na tuandikishe mkulima anayejua kazi hata kama shambani anafika kwa kubebwa kwenye bodaboda.

Halafu kuna fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na ndani yake asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mwenye MS mara nyingi hajihesabu humo, kwa kuwa kuna siku anatembea vizuri, na majirani nao wanamkatalia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haisemi lazima uonekane mlemavu kila siku. Nendeni na karatasi za hospitali kwa afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii, muulize masharti ya sasa ya kikundi. Mradi wa dagaa wa kichanja au wa mbegu bora unaandikika vizuri kabisa, na nipo kusaidia kuuandika.

Mchoro wa kichanja na wa bustani ya gunia kwa mtu anayefanya kazi ameketi ninao ofisini, na vipimo vyake viko kwa futi ili fundi yeyote aelewe. Aje ndugu wa mgonjwa, lakini kwanza amuulize mgonjwa mwenyewe akae wapi na anataka kuanza na nini. Wa kuku waniandikie kabla ya mwisho wa mwezi ili tuchangie chupa moja ya chanjo kwa kaya kadhaa, maana ikishafunguliwa haikai.