KANUNI MPYA ZA MAJENZI: NI NANI ATAKAYESEMA "HAPANA"?



Tangu tarehe 1 Machi 2025 nchi yetu ina Kanuni mpya za Majenzi. Zilitangazwa mwaka 2024 kwa Tangazo la Kisheria namba 47, chini ya sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kanuni zilizoondolewa zilikuwa za mwaka 1968. Basi kwa muda wa zaidi ya miaka 50 maduka ya Kericho, shule za Litein, majumba ya kupanga ya Bomet na Sotik, yote yalijengwa chini ya kanuni zilizoandikwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Ilikuwa haki zibadilishwe, na sisi twawashukuru waliozibadilisha.

Lakini twataka kusema jambo moja ambalo hatukulisikia katika mikutano na hotuba. Kanuni zaeleza jinsi nyumba ipasavyo kusimama. Hazimpi mwashi nguvu ya kusema "hapana" anapoona kwamba nyumba haitasimama. Nguvu hiyo hutoka katika sheria nyingine, nayo ni sheria ya kazi. Kama sheria hiyo haifuatwi, hizi kanuni mpya zitakaa kabatini kama zilivyokaa zile za zamani.

Tukumbuke Huruma, Nairobi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jumba la ghorofa sita lilianguka na watu wapatao 50 wakafa. Je, siku ile nchi haikuwa na kanuni? Ilikuwa nazo. Haikuwa halali mwaka 1968, wala mwaka 2016, kujenga nyumba itakayowaangukia watu. Kilichokosekana ni mtu wa kuisimamisha kazi mapema. Mkaguzi hupita siku moja, kisha huenda zake. Injinia huja akiitwa. Aliye pale kila siku, tangu msingi kuchimbwa hadi mabati kupigwa misumari, ni fundi na kibarua wake.

Tazameni jinsi kazi yetu ilivyo. Sisi tunaofinyanga zege twajua kwamba maji yakizidi, zege humwagika kwa urahisi lakini hupoteza nguvu. Twajua kwamba zege hutaka kumwagiliwa maji siku nyingi ili ikomae vema, na kwamba mainjinia hupima nguvu yake ikiwa na siku 28. Twajua kwamba miti ya kuegemeza sakafu ya juu ikitolewa upesi ili ikatumike mahali pengine, sakafu hupata ufa. Mambo haya hatuhitaji kusomewa. Mwashi mzee wa Kapkatet ambaye hakupita darasa la nne ayajua.

Basi kwa nini miti hutolewa upesi? Kwa sababu kontrakta ana haraka, na mnyapara amesema itolewe, na yule aliyeamriwa kuitoa aliajiriwa asubuhi ile langoni. Akikataa, kesho jina lake halitaitwa. Nje wamesimama wengine kumi, na baadhi yao ni vijana walioachwa na kazi ya chai tangu mashine za kuchuma zilipoingia mashambani. Mtu aliyeajiriwa kwa siku moja hana nafasi ya kubishana juu ya miti. Ataitoa, atapokea ujira wake jioni, na moyoni ataomba Mungu sakafu isimame.

Ndiyo sababu twasema kwamba kibarua wa siku ni hatari, si kwa nafsi yake tu, bali na kwa mtu atakayelala ndani ya nyumba ile.

Sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema hivi kwa maneno mepesi. Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika jumla ya mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutazamiwa kwisha kabla ya miezi mitatu, basi huyo si kibarua tena. Ahesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na hawezi kuondolewa bila ya notisi ya siku 28. Ndugu, ni jumba gani la ghorofa lililojengwa kwa majuma mawili? Karibu kila mtu aliyefanya kazi ya kudumu katika jengo kubwa ana haki hiyo, nao walio wengi hawaijui.

Angalieni tena hesabu hiyo. Zege hupimwa kwa siku 28, na notisi ni siku 28. Mtu mwenye notisi yake aweza kumwambia mnyapara, "Bwana, sakafu hii bado," naye asiogope kwamba watoto watakosa chakula kesho. Kifungu cha 37 watu hukiona kuwa ni habari ya mishahara. Sisi twakiona kuwa ni kanuni ya majenzi, tena iliyo kubwa kuliko nyingi.

Pili, twataka kusema juu ya kuumia. Nchi hii ya chai ina mvua karibu mwaka mzima, na mvua ya mawe pia. Udongo wetu ni mwekundu na wa kina. Mtaro uliochimbwa asubuhi ukiwa mkavu waweza kubomoka alasiri ukiwa na watu ndani. Jukwaa la miti ya mkaratusi huteleza, na kamba zake hulegea. Kanuni za usalama wa kazi za majenzi za mwaka 1984 zataka jukwaa liwe imara na mtaro uzuiwe usiporomoke. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mwajiri atoe vyombo vya kujikinga bila ya kumtoza mfanyakazi, na penye wafanyakazi 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama ambamo wafanyakazi wana wajumbe wao. Tuulizane kwa haki: ni wangapi kati yetu waliopata kuiona kamati hiyo? Na kofia ngumu, je, si mara nyingi hutoka sanduku siku mkaguzi ajapo?

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, yamlazimisha mwajiri kuwawekea watu wake bima. Chama cha Mawakili kiliipinga mahakamani kwa miaka mingi, hata Mahakama ya Juu ikaithibitisha mwezi wa Desemba 2019. Mtu akilemaa kabisa asiweze kazi tena, fidia yake ni mapato ya miezi 96. Kwa mtu wa shilingi 15,000 kwa mwezi hiyo ni shilingi 1,440,000. Lakini apataje, ikiwa jina lake halikuandikwa katika daftari lo lote? Mnyapara atasema hamjui. Wenzake watasema walimwona, lakini nao pia hawamo daftarini. Na ajali isipoarifiwa kwa mwajiri katika miezi 12, haki hupotea. Mara nyingi mtu wa namna hii hupewa nauli na kurudishwa kwao, na mambo yakaishia hapo.

Tatu ni habari ya kodi ya nyumba. Ilianza kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Mahakama Kuu ikaikataa mwezi wa Novemba mwaka ule. Bunge likatunga Sheria ya Nyumba za Nafuu, nayo ikatiwa sahihi mwezi wa Machi 2024. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote, na mwajiri hutoa kiasi kile kile. Kwa mtu yule yule wa shilingi 15,000, hiyo ni shilingi 225 zake na 225 za tajiri, yaani shilingi 5,400 kwa mwaka kwa jumla.

Kuna wenzetu wa mashamba ya chai wanaouliza, "Sisi twakaa katika nyumba za kampuni, kwa nini tukatwe?" Swali lao si la upuuzi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira chamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au fedha za kutosha za kupanga. Haki hiyo haikufutwa na kodi mpya, wala tajiri ye yote asitumie kodi hiyo kuwa udhuru wa kuacha mabati yavuje katika laini za wachuma chai. Lakini nyumba ya kazi huisha pamoja na kazi. Mtu aliyechuma chai miaka 30, mashine ikija, hupoteza kazi na nyumba kwa siku moja. Kwa hiyo hatusemi kwamba nyumba za nafuu ni jambo baya. Twasema kwamba fedha ni za wafanyakazi, basi kazi ya kuzijenga nyumba hizo iwe ya kwanza kufuata sheria za wafanyakazi. Ingekuwa aibu kubwa mwashi akatwe asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba, kisha ajenge nyumba hiyo hiyo bila ya bima, bila ya notisi, na bila ya jina daftarini.

Najua wapo watakaotujibu, na majibu yao yafaa kusikilizwa. Mwenye shamba dogo la chai huko Konoin au Bureti hungoja bonasi, kisha hujenga vyumba viwili vya mawe. Yeye atauliza, "Injinia nitamtoa wapi? Mkitaka vyeti na bima kwa kila jambo, nitarudi kwenye udongo na miti." Twamwelewa, maana wengi wetu ni watoto wa watu kama yeye. Jibu letu ni kwamba serikali za kaunti, ambazo ndizo hutoa ruhusa ya kujenga, ziweke ramani chache za nyumba ndogo zilizokwisha kukubaliwa, ambazo raia aweza kupewa kwa bei ndogo au bure, na mkaguzi afike mpaka wadi. Mkulima asitendewe kama mwenye jumba la ghorofa tano. Naye mwenye ghorofa tano asijifiche nyuma ya mkulima.

Makontrakta nao watasema kwamba gharama zitapanda, na yule mwaminifu atashindwa na mwongo katika kuomba kazi. Kweli, leo ndivyo ilivyo. Mwenye kulipa bima huandika bei kubwa, asiyelipa huandika bei ndogo, na kazi humwendea asiyelipa. Lakini dawa yake si kuwaachia wote wasilipe. Dawa ni kwamba asiyelipa asipewe kazi. Kontrakta mwaminifu angepaswa kusimama pamoja nasi katika jambo hili, maana lamlinda yeye pia.

Basi twaomba nini? Twaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya kubwa.

Kwanza, kaunti za Kericho na Bomet zisitoe ruhusa ya jengo la ghorofa kabla kontrakta hajaonyesha hati ya bima ya wafanyakazi.

Pili, mkaguzi akija kutazama nguzo, atazame na daftari la majina na mishahara. Leo ofisi ya kaunti hutazama ramani, Mamlaka ya Ujenzi hutazama kontrakta, ofisi ya kazi hutazama mfanyakazi ikipata gari na nafasi. Waje pamoja siku moja.

Tatu, sheria ya mwaka 2011 yaipa Mamlaka ya Ujenzi kazi ya kuwapa vyeti mafundi stadi na wasimamizi wa majenzi. Ni vizuri. Lakini gharama za cheti na za mtihani wa ufundi zisimwangukie mtu wa ujira wa siku. Kontrakta anayefaidika na fundi mwenye cheti alipe. Na mwashi wa miaka 20 apimwe kwa mikono yake, si kwa Kiingereza chake.

Nne, mfanyakazi ye yote akionyesha ufa au akikataa kazi ya hatari, asifukuzwe. Chama kiarifiwe siku ile ile, na chama kimfikishie mkaguzi habari.

Na sisi wenyewe tuna wajibu. Kila fundi na kibarua awe na kijitabu chake kidogo, aandike tarehe, mahali, jina la kontrakta, na ujira aliolipwa. Shilingi chache za kijitabu zaweza kuwa shahidi siku ya kudai notisi au fidia. Mtu akiumia, wawili waandike waliyoyaona siku hiyo hiyo, na mwajiri aarifiwe kwa maandishi. Tuchague wajumbe wa usalama, tusingoje kuchaguliwa. Na tulipe ada ya chama, maana mtu mmoja akisema "hapana" hufukuzwa, bali 40 wakisema "hapana" huitwa ofisini kuzungumza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi yetu hayo si mafumbo. Ufa huonekana kwanza na mtu aliye juu ya jukwaa. Serikali imekwisha kutuandikia kanuni nzuri za ukuta. Sasa na imlinde yule auonaye ufa, apate kusema.

Umoja ni nguvu.