Neno la Mhariri: Waulizwe Waliobeba Mzigo

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetaka kuandika juu ya uongozi huanza kwa kubisha hodi katika ofisi ya mkurugenzi. Huomba kibali, hupewa orodha ya wakuu wa idara, hugawa dodoso, na baada ya miezi kadhaa hurudi na jedwali linaloonyesha kwamba wengi wao wanajiona viongozi shirikishi. Hajadanganya mtu. Amemuuliza mpishi habari za pilau yake, akaondoka kabla walaji hawajanawa mikono. Hoja ya ukurasa huu ni kwamba uongozi hupimwa kwa anayeongozwa, na kwamba ushahidi wake ukusanywe kwake kwanza, mkurugenzi afuate baadaye. Hatuhitaji kwenda mbali kuutafuta ushahidi huo. Sehemu yake kubwa imelala ndani ya maneno tunayoyatumia kazini kila siku.

Chukua neno mnyapara. Leo hakuna anayependa kuitwa hivyo: linanuka gereza na shamba la mkonge. Lakini katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mnyapara alikuwa mkubwa wa kundi la wapagazi, na neno lenyewe, kwa Wanyamwezi, lilimhusu mzee wa kuheshimiwa. Mbele ya msafara alitangulia kiongozi, ambaye wasafiri wa Kizungu waliandika jina la cheo chake “kirangozi” kama walivyolisikia kwa Wanyamwezi. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, alimweleza akiwa na vazi jekundu, ngozi ya mbega na manyoya kichwani. Fahari hiyo isitupumbaze. Nyuma yake walikuja watu waliobeba mizigo ya kilo 30 na zaidi kila mmoja, na watu hao walikuwa na kura yao, ingawa hakuna aliyewapa karatasi ya kupigia. Mzigo ukizidi, mwendo ukiwa wa kuua, au posho ikipunjwa, waliketi chini wakakataa kuondoka, au kulipopambazuka mizigo ikakutwa imelala chini na wenyewe hawapo. Vitabu vya Burton, Speke na Stanley vimejaa manung’uniko juu ya wapagazi waliotoroka. Waandishi hao waliyahesabu hayo kuwa ni uvivu na hiana ya Mwafrika. Msomaji wa leo anaweza kuzisoma kurasa zilezile kama ripoti ya tathmini ya utendaji, ila anayetathminiwa ni mwenye msafara.

Kisha yakaja mashamba ya mkonge, na mnyapara akabadilika bila kubadilisha jina. Sasa aliyemweka ni mwenye shamba, si wenzake. Mfanyakazi alipewa kipande cha siku 30: kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama, na mshahara haukulipwa mpaka alama zitimie. Aliyeamua kama kazi imekwisha au haijaisha alikuwa mnyapara. Kati ya mzee wa msafara na msimamizi wa shambani hakuna tofauti kubwa ya vipaji wala ya tabia tunayoweza kuithibitisha. Tofauti tunayoiona ni kwamba wa kwanza angeweza kuachwa njiani na watu wake, na wa pili hakuweza kuachwa kwa urahisi huo. Anayechunguza tabia za viongozi peke yake hatakaa aione tofauti hiyo, maana haimo ndani ya kiongozi.

Ushahidi wa pili uko karibu zaidi. Februari 1971 TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, kilitoa tamko lililoitwa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kiburi, ubadhirifu, dharau na uonevu. Ikumbukwe hali ya kazi wakati huo: sheria ya 1962 ilikuwa imeufanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno, na mwaka 1964 shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa, nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kilichofungamana na serikali. Wafanyakazi walikisoma kifungu hicho wakakichukua kama kilivyoandikwa. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilitokea kiwanda baada ya kiwanda. Mahali pengine meneja alijikuta amefungiwa nje ya lango. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Issa Shivji na Paschal Mihyo, wanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioichunguza migomo hiyo, walionyesha kwamba malalamiko yalikuwa yamehama: madai ya mshahara yalirudi nyuma, na mbele yakaja matusi ya mabosi, amri zisizo na maelezo, na mali ya shirika inayotumiwa ovyo. Kwa watafiti wa uongozi hiyo ilikuwa hazina. Watu wa chini walikuwa wakitoa maoni kwa sauti, wakitaja jina la meneja na kosa lake, tena bila kuombwa kujaza dodoso.

Najua jibu litakalotolewa hapa, nami nimelisikia likitolewa na watu ninaowaheshimu: kuwasikiliza wafanyakazi kulivunja nidhamu, na nidhamu ilipovunjika mashirika ya umma yakafa. Tuangalie tarehe. Dola haikuivumilia migomo hiyo kwa muda mrefu. Polisi waliingia, watu wakafukuzwa, na wimbi lilikuwa limetulia mashirika mengi yakiwa bado yanafanya kazi. Anguko lilikuja baadaye, katika miaka ya bei kubwa ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na viwanda vilivyosimama kwa kukosa fedha za kigeni za kununulia vipuri. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 uliyakuta mashirika hayo yakiwa kimya kwa muda mrefu. Sidai kwamba ukimya ndio ulioyaua. Sababu ni nyingi, na za nje ni nzito. Ninachokataa ni mashtaka dhidi ya mshtakiwa ambaye hakuwepo siku ya tukio.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kwamba anayeongozwa naye husema uongo. Ni kweli, husema. Dodoso likipita mkononi mwa afisa utumishi, kila mtu anampenda meneja. Likipita mkononi mwa aliyenyimwa kupandishwa cheo, meneja ni shetani. Lakini tatizo hilo linatuhusu sote, na wakurugenzi hawajapewa kinga nalo. Hata ramani maarufu ya mtafiti Geert Hofstede ya tamaduni za kazi ilitokana na madodoso waliyojaza wafanyakazi wa kampuni moja, IBM, nayo ikazipa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia alama moja kwa jina la Afrika Mashariki. Bado tunaifundisha kana kwamba imempima mvuvi wa Kilwa.

Dawa ni kutafuta maneno yaliyosemwa pale ambapo kuyasema kulikuwa na gharama. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri aliyemwachisha mtu kazi ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu na utaratibu vilikuwa vya haki, na kanuni za 2007 zinataka mtuhumiwa apewe si chini ya saa 48 kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu. Kwa hiyo shauri linalofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hubeba barua ya kujieleza, muhtasari wa kikao, na majibu ya mfanyakazi kwa maneno yake. Maamuzi ya Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu yanasomeka mtandaoni bure. Ipo pia mihtasari ya mabaraza ya wafanyakazi, iliyojaa vumbi kabatini: nani alisimama, akauliza nini, na swali lilijibiwa au “lilichukuliwa” kisha lisionekane tena.

Kuanzia toleo lijalo, makala itakayopima uongozi wa taasisi kwa kuwauliza viongozi wake peke yao itarudishwa kwa mwandishi. Hatutaitupa. Tutamwomba arudi kwenye taasisi ileile, safari hii aanzie getini.