Mwenye Kiberiti

Wako walimu wakatazao wanafunzi kuandika hadithi kwa kinywa cha mwovu, wakihofu kwamba atapendeza. Mimi nawapinga. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake wanne walisingiziwa uchawi, wakauawa na kuchomwa moto. Na katika hadithi zetu, ambazo nimesahihisha nyingi mno, mwovu ni nani? Ni yule yule bibi kizee!

Basi, msomaji wangu, mwandike aliyeshika kiberiti, naye aseme “mimi”. Usimpe pembe. Mpe mama ampendaye, migomba yake, na jirani mzee amwamkiaye kila asubuhi. Asadiki kwamba anakiokoa kijiji. Na maneno yake yakifanana na yale uliyoyasikia nyumbani kwenu, usiyafute.