Kasha la Adeudeu
Tangu mpaka wa Uganda uliposogezwa magharibi mwaka 1902, Wateso wamebaki huku na huku, na adeudeu yao, kinubi chenye shingo iliyopinda, huvuka pamoja nao kwenda harusini na matangani kati ya Tororo na Busia. Kile kikubwa cha besi ndicho kinachotesa kubeba. Wengi hukimbilia kasha la plaiwudi lenye bawaba na kufuli, mimi nalipinga. Bodaboda hailiwezi, na juu ya keria ya matatu hurushwa kwenye kila tuta. Bora mfuko wa turubai nene ulioshonewa sponji, wenye ubao sehemu moja tu: pale shingo inapoingia kwenye mwili, maana hapo ndipo mvuto wote wa nyuzi hukusanyika. Vigingi vifunikwe, vikigongwa hupasua matundu yake. Na tafadhali, usikifunge kinubi kwa nailoni: unyevu hubaki ndani, ngozi yake hulegea, besi ikafa kabla ya harusi kuanza. Chagua zipu ndefu pia. Kwenye kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa 2018, afisa atakiona chombo chote bila kukitoa.