Wimbo Uupendao Usiukalishe Meza Moja na Kitabu

Vijana wetu wa kidato cha nne wamebakiza wiki chache kabla ya kuingia kwenye mtihani wa taifa, na mimi nina neno nao. Nina neno na wazazi wao pia, ila hilo litakuja baadaye, maana ndilo zito zaidi.

Mwezi uliopita nilifika kwa dada yangu, Tanga, yapata saa moja na nusu usiku. Mpwa wangu alikuwa mezani, daftari la baiolojia liko wazi mbele yake, kalamu mkononi, iafoni masikioni. Aliniamkia shikamoo, akarudi kwenye kazi yake. Nikakaa namtazama. Alikuwa anasoma namna mmea unavyojitengenezea chakula. Kichwa kilitikisika kidogo kufuata mapigo, na hilo halikunisumbua. Lakini kila baada ya dakika mbili tatu kalamu ilisimama, macho yakaganda kwenye mstari uleule, na midomo ikaanza kucheza. Kiitikio kilikuwa kimefika. Kilipopita, macho yalipanda tena juu ya ukurasa kutafuta yalipoishia. Ukurasa ule mmoja aliuanza upya mara nne, nikihesabu.

"Kinaingia hicho unachosoma, mama?" nilimuuliza.

"Kinaingia, mjomba. Bila muziki ndiyo sielewi kabisa. Usingizi unanikamata."

Hakunidanganya. Ndivyo anavyojisikia, na wenzake wengi watakujibu hivyohivyo. Wimbo tuupendao hutupa raha ya kweli mwilini. Wataalamu wa Montreal, Kanada, walionyesha mwaka 2011 kwamba ubongo humwaga dopamini, ile kemikali ya furaha, pale sehemu tamu ya wimbo inapofika, na hata kabla haijafika, wakati msikilizaji anaingojea. Sasa fikiri: kijana anasoma, na nusu ya ubongo wake inangojea kiitikio. Anajisikia vizuri, na kwa kuwa anajisikia vizuri mbele ya daftari, anaamini anasoma vizuri. Raha ya wimbo anaihesabu kuwa ni ufahamu wa somo.

Nimeulizwa mara nyingi: mbona wavuvi huimba wakivuta juya, na wanawake huimba wakitwanga, na kazi inakwenda? Ni swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha haya ninayoyasema. Kazi ya kuvuta juya iko mikononi na mgongoni. Mdomo hauna shughuli, sikio halina shughuli, basi wimbo unaingia pale palipo wazi na kuipanga mikono ivute pamoja. Kusoma ni kazi nyingine. Jichunguze unaposoma mstari huu: kuna sauti ndani yako inayoutamka. Mtu akisoma, ulimi wa ndani unasema na sikio la ndani linasikiliza. Hapo hapana nafasi iliyo wazi. Ukileta wimbo wenye maneno, unaleta msemaji wa pili kwenye kinywa kimoja.

Alan Baddeley na Graham Hitch, wanasaikolojia wa Uingereza, walilieleza jambo hili tangu mwaka 1974. Walisema kumbukumbu yetu ya muda mfupi ina sehemu inayoshika maneno kwa kuyarudiarudia kimyakimya, kama kitanzi cha kanda fupi. Uwezo wake ni mdogo mno, maneno ya sekunde mbili hivi. Baadaye Baddeley na mwenzake Pierre Salamé waliwapa watu orodha za tarakimu wazishike kichwani huku muziki ukipigwa. Muziki wenye mwimbaji uliwaharibia zaidi ya muziki wa vyombo vitupu. Ile sauti ya mtu ilikuwa inaingia kwenye kitanzi bila kubisha hodi.

Kijana atasema: huo ni muziki wa kuletewa, mimi nasikiliza nyimbo zangu nilizozichagua mwenyewe. Hilo nalo limepimwa. Mwaka 2011 Nick Perham na Joanne Vizard, huko Cardiff, waliwajaribu wanafunzi kwa muziki walioupenda na muziki walioukataa. Matokeo yanafaa kubandikwa kwenye kila bweni: muziki uliopendwa uliwapunguzia kumbukumbu ya mpangilio sawasawa na ule uliochukiwa, na walipofanya kazi kimyakimya walishika vizuri kuliko kwa muziki wowote kati ya hiyo miwili. Kupenda hakukuwakinga na chochote.

Kwetu sisi mzigo umeongezeka kwa jambo ambalo sijaona likisemwa. Mtoto wa sekondari ya Tanzania anasoma baiolojia, historia na jiografia kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao bado wanapapasa maneno yake. Nyimbo zake ni za Kiswahili, lugha aliyonyonya nayo. Weka hizo mbili kichwani kwa wakati mmoja uone ipi itasikika. Sentensi ya Kiingereza inataka aikazie macho, aitafsiri, aipime. Ya wimbo inaingia yenyewe, imeshiba maana, ina mapenzi, ina usaliti, ina jina la mtu. Na kama ni singeli, ambayo mapigo yake huzidi 200 kwa dakika, basi hata pumzi ya msomaji inakimbizwa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimelipitia. Enzi zetu hapakuwa na simu, palikuwa na redio ya mkulima, na bendi za Dar es Salaam zilikuwa kwenye kilele. Nyimbo za Mlimani Park zilikuwa hadithi kamili zenye mwanzo na mwisho; huwezi kuzisikia nusu ukaziacha. Nilisoma historia ya kidato cha nne redio ikiwa chini ya dawati, sauti imeshushwa hadi mwisho. Hadithi za nyimbo zile ninazo mpaka leo. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ilinibidi nijifunze nikiwa mtu mzima, kwa aibu, siku mwanangu aliponiuliza.

Wapo wanaojitetea kwa Mozart, kwamba muziki wake huongeza akili. Habari ile ina asili yake. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliandika katika jarida la Nature kwamba wanafunzi 36 waliosikiliza sonata ya Mozart kwa dakika 10 walifanya vizuri zaidi mafumbo ya maumbo. Faida ile ilidumu kama robo saa, ikaisha. Magazeti yaliikuza, hata mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, Zell Miller, akaomba fedha za serikali ili kila mtoto mchanga apewe rekodi ya muziki wa namna hiyo. Waliofuata kupima hawakuiona akili hiyo. Lakini angalieni jambo lililopitwa na wengi: wanafunzi wale walisikiliza kwanza, muziki ukazimwa, ndipo wakafanya mafumbo.

Basi vijana, sijaja kuwanyang'anya nyimbo zenu. Zisikilizeni kabla ya kuketi, mwili uchangamke. Zisikilizeni mkimaliza. Unaponakili daftari la mwenzako au kupigia mistari ramani, muziki laini usio na maneno hautakudhuru sana. Ila unapokutana na jambo jipya, unapokariri, unapoandika insha, zima. Na kama unataka sauti ikusaidie, liimbe somo lenyewe. Watoto wa madrasa hushika sura ndefu kwa kughani kwa sababu sauti inabeba maneno yaleyale yanayokaririwa. Mwana Kupona, mwaka 1858, alimwachia bintiye mawaidha kwa utenzi, na vina ndivyo vilivyoyashikilia mawaidha yale kwenye vichwa vya watu. Itungie kiitikio ile orodha ya elementi za kemia. Huo utakuwa muziki unaosoma pamoja nawe.

Simu nayo iwekwe mbali. Orodha ya nyimbo haikai peke yake mle ndani. Unashika simu kuruka wimbo mmoja, unakuta ujumbe, unajibu, unachungulia picha za mtu, na ukirudi kwenye daftari imepita robo saa. Kumbukeni pia chumba cha mtihani mnachokwenda kukaa. Simu ni marufuku mle. Hapatakuwa na wimbo, patakuwa na saa ya ukutani na nyayo za msimamizi. Kichwa kilichozoea kufikiri penye sauti tu kitaukuta ukimya ule mgeni.

Sasa wazazi. Kwa nini mtoto anaziba masikio? Nilimuuliza mpwa wangu tena, taratibu, akanyoosha kidole. Televisheni ilikuwa inaunguruma hatua tatu kutoka mezani, tamthilia inakwenda. Jirani alikuwa na spika uani. Mtaa wa pili kulikuwa na kigodoro kilichoanza alasiri. Mtoto yule hakuwa na uchaguzi kati ya wimbo na ukimya. Alikuwa anachagua kati ya kelele zake na kelele zetu, akachagua zake. Mwenye haki ya kumlaumu ni nani? Tunalipa ada, tunanunua vitabu, tunagombana na walimu kuhusu matokeo, kisha tunamweka mtoto asomee sokoni. Katika nyumba za kupanga, vyumba sita korido moja, ukimya hauwezi kuletwa na mzazi mmoja. Lazima wapangaji wasemezane. Wakisemezana kuhusu zamu ya kufagia na luku ya umeme, washindwe kusemezana kuhusu saa mbili za kitabu?

Dada yangu na shemeji walikubaliana usiku uleule. Televisheni inazimwa saa moja mpaka saa tatu. Shemeji, ambaye hakosi taarifa ya habari ya saa mbili, ameitoa redio ndogo barazani, anaisikiliza ameiweka karibu na sikio. Dada alivuka kwenda kwa jirani na sahani ya maandazi, akarudi na ahadi. Simu ya binti inalala kabatini, chini ya kanga za mama. Siku tatu za mwanzo zilikuwa ngumu. Usingizi alioutaja ulikuja kweli, akawa ananawa uso na kusoma kwa sauti huku akitembea kati ya meza na mlango.

Nilipita tena wiki iliyopita. Saa tatu na dakika chache alifunga daftari, akaenda kabatini, akaichomeka simu kwenye spika ndogo bila iafoni, akaanza kuosha vyombo. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio aliuimba kwa sauti yake yote, na mama yake, akifuta sahani, alikuwa ameshayajua maneno.