Mabenchi ya Mkulo na Mnyama Tusiyemwona



Dominika iliyopita tulisali, kama ilivyo ada, tukiwa tumeketi juu ya mabenchi ya mkulo. Wazee wetu waliyatoa kwa moyo mnyofu, na mchwa hawajayagusa hata leo. Hivi karibuni limetolewa pendekezo la kuongeza mengine ya namna hiyo hiyo. Twajiuliza: mbao hizo zitatoka wapi? Jibu tunalijua sote, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyelitamka.

Mkulo, ambao huku Uchagani wengi tunauita mseri, hukua polepole mno. Uchunguzi uliofanyika kutoka angani mwaka 2001 ulionesha jinsi miti ya asili ya Kilimanjaro ilivyokuwa ikikatwa kinyume cha sheria, na mkulo ulikuwa miongoni mwa iliyoandamwa zaidi. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Hata hivyo, sheria haiwezi kulinda mti ambao mnunuzi wake yuko tayari kupokea mbao usiku bila kuuliza swali.

Chini ya miti hiyo anaishi minde, mnyama wa jamii ya funo, mwenye manyoya meusi-meusi na shungi jekundu utosini. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1890 kutokana na mnyama aliyepatikana katika mlima huu huu. Duniani kote hapatikani kwingineko ila katika misitu michache ya milima ya Tanzania, naye amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Hutembea zaidi usiku, hivyo wengi wetu tutaiaga dunia bila kumwona. Mwenye kutega kitanzi hamwoni pia. Humkuta tu asubuhi, naye huwa kitoweo cha siku moja.

Wapo watakaosema: “Baba, mwatuhubiria wanyama huku mama zetu wakikosa kuni.” Hoja hiyo hatuidharau. Ule ukanda wa nusu maili ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni, majani na mbao. Nao ulipoingizwa katika Hifadhi, waliobeba mzigo wa kwanza ni akina mama wenye ng'ombe zizini. Twaamini kwamba msitu hauwezi kulindwa kwa kumfanya jirani yake kuwa mgeni. Wenye mamlaka wanapaswa kuketi na wanavijiji na kuwasikiliza.

Lakini tuseme kweli: mama mwenye mzigo wa kuni kavu kichwani siye aliyeuangusha mkulo. Uliangushwa kwa ajili ya kitanda, kabati na mlango wa nyumba ambayo hufunguliwa Desemba tu, tunaporudi nyumbani kwa Noeli. Mahitaji ni yetu sisi wenye uwezo, na mara nyingine ni ya kanisa.

Mwaka 2016 ulitangazwa mkukusu wenye urefu wa mita 81.5 katika bonde moja la mlima huu, mti mrefu kuliko miti yote ya asili iliyokwisha kupimwa barani Afrika. Ulikuwako karne nyingi, nasi hatukuujua. Je, ni vingapi tunavyovipoteza kabla hatujavijua?

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Mabenchi mapya yawe ya mbao za miti ya kupandwa, zenye stakabadhi halali. Kila jumuiya ndogondogo ioteshe miti ya asili vihambani na kandokando ya mifongo, ili kuni na majani yapatikane karibu. Tena asiwepo miongoni mwetu wa kununua nyama ya kitanzi.

Mchagga aliyemkosea jirani humpelekea jani la isale kuomba msamaha. Msitu nao ni jirani yetu, na tumeukosea.