Betri ya Pili Si Dawa

Januari gari la mama lilikataa kuwaka saa tano usiku, theluji imejaa, nami nilikuwa nimekaa ndani nikisikiliza besi huku injini imezimwa. Nikampigia simu aje. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Wenzangu walinishauri ninunue betri ya pili, au kapasita. Sikubaliani nao. Kapasita hutoa umeme wa kufumba na kufumbua tu. Betri ya pili huongeza muda, kisha nayo husubiri kuchajiwa na alteneta ileile.

Tupige hesabu kwanza. Amplifaya ya aina ya D yenye wati 1,000 za kweli (si zile zilizoandikwa kwenye boksi!) hula karibu ampea 90 ikifunguliwa sauti yote. Alteneta ya gari dogo mara nyingi hutoa kama 100, na humo humo zinakula taa na feni ya hita. Ndiyo maana taa hufifia besi inapogonga.

Mimi nimechagua wati 400, waya mnene wa shaba, na fyuzi karibu kabisa na betri, kwani waya ukichubuka na kugusa bodi, gari linaweza kuungua. Injini ikizimwa, muziki nao unazimwa. Mama amenirudishia ufunguo, ila wa mchana tu.